Bahati Mbaya, Bwana

Fundi wa gereji jirani yetu hapa Malindi ana tabia ya kumwaga oili chafu uani kwake ili vumbi lisitimke. Jana alasiri upepo wa kusi uliisukuma ile harufu mpaka mezani kwangu, na kabla sijamaliza kunung'unika nikajikuta namuwaza Ami na fimbo zake za gofu.

Mnaomjua Ami mnajua kuwa Dubai hakuendesha teksi wala hakuuza manukato. Alibeba mikoba ya wacheza gofu, enzi ambazo gofu kule lilichezwa juu ya mchanga mtupu. Klabu ya Emirates, ile yenye nyasi zilizomwagiliwa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, ilifunguliwa 1988. Kabla ya hapo, Waingereza walicheza jangwani hivyo hivyo. Mahali pa shimo palichanganywa mchanga na oili, pakashindiliwa, mpira ukapata kubingiria na upepo ukakosa cha kupeperusha. Kila mchezaji alitembea na kipande cha zulia la nyasi bandia. Mpira wako ukitua ndani ya njia iliyowekewa vijiti, unauweka juu ya zulia na kupiga. Ukitoka nje ya vijiti, shauri yako na mchanga.

Likizo moja alirudi na fimbo kuukuu alizoachiwa na mzungu wake, na zulia lenyewe, ukubwa wa mswala wa mtoto. Akatangaza barazani kwamba jangwa letu ni zuri kuliko la kule kwa sababu lina bahari. Mimi nilikuwa kijana wa shule, sina kazi. Nikachukuliwa.

Matatu, daraja la Sabaki, chai na mahamri Mambrui, mzigo begani mpaka kwenye vilima vya mchanga. Hayo nayapita. Mchanga wa kule unameremeta jua likiupiga, ukitazama sana macho yanauma. Chini ni bahari, na kwa kuwa mto ulikuwa umejaa, maji ya pwani yalikuwa mekundu ya udongo mpaka mbali, ndipo buluu inaanza. Ami alifukia makopo ya maziwa ya unga, ambayo upana wao haukupishana sana na milimita 108 za shimo rasmi. Akamwaga oili aliyoomba gereji, akashindilia kwa miguu, akafagia duara kwa ufagio wa chelewa. (Siku hizi watu wa mazingira wangetukamata, na wangekuwa na haki.) Akachomeka vijiti huku na huku. Tukawekeana soda: atakayeshindwa anunue.

Shimo la kwanza silikumbuki. La pili ulikuwa unapiga kutoka juu ya kilima kuelekea baharini. Niliuweka mpira kwenye zulia, nikapeleka mkono nyuma kutafuta fimbo, na fimbo ikaingia kiganjani, mpini ukiwa umenielekea. Sikuwa nimeomba. Ami alikuwa amesimama nyuma yangu kidogo, upande ambao kivuli chake hakinifikii, amezikumbatia fimbo nyingine mkobani ili vyuma visigongane. Huyu ni mtu ambaye hata akila huongea. Pale hata pumzi yake sikuisikia.

Nikapiga. Zulia liliruka mbele kwa hamasa kuliko mpira. Mpira wenyewe ukaenda kulia, upepo ukauchukua, ukashuka mteremko nje ya vijiti na kuzama, pakabaki kidoa cheupe.

"Bahati mbaya, bwana," akasema.

Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti laini ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Halafu akaipokea fimbo mkononi mwangu, akachomoa kitambaa kibichi kiunoni, akaifuta uso na mgongo. Ile mifereji myembamba ya chuma akaipitia kwa ukucha, mmoja mmoja, mpaka mchanga ukaisha. Akairudisha mkobani, akatangulia mbio kwenda kuutazama mpira umelalaje.

Ndiye huyu aliyenichapa kwa maembe ya jirani. Mdogo wa baba yangu. Akisimama yeye, mimi sikai.

Nikamkimbilia. "Ami, lete mkoba nibebe mimi."

"Cheza, mwanangu," akasema, sauti ikiwa imesharudi ya kila siku. "Na hilo pigo nimeliandika."

Akalibeba lile furushi raundi nzima. Zamu yake ikifika alijichagulia fimbo, akajifutia mwenyewe, na lo, mkono ule ulikuwa mzuri kuutazama! Aliwahi kuniambia wabebaji walicheza jua lilipowashinda wachezaji wenyewe. Mpira wake nao ukatoka nje ya vijiti mara moja. Nikamwambia auweke tu kwenye zulia, nani anamuona, wale mbuzi? Akanijibu kwamba uko nje. Akapiga, mchanga ukamrudia usoni, mpira ukasogea shubiri. Akapiga tena. Vijana waliokuwa wakichunga wakacheka mpaka wakakaa chini. Kila pigo aliliandika kwa kipande cha penseli, hata lile ambalo mimi sikuliona.

Kuna siku nafikiri kazi ilikuwa imemwingia mpaka ikamkuta mbele ya mtoto wa ndugu yake, na hilo linaniuma. Kuna siku nafikiri nilimuona fundi katika ufundi wake, basi, na aibu ilikuwa yangu, yeye hakuwa nayo. Mke wangu anasema nafikiri mno, mzee alikuwa akinifundisha mchezo.

Usiku nikampigia simu. Baada ya shikamoo na habari za kiuno chake nikamuuliza waziwazi kama anaikumbuka siku ile aliyoniita bwana.

"Mimi nikuite wewe bwana?" Akacheka, akakohoa. Hilo hakumbuki hata kidogo, akasema. Anachokumbuka ni kwamba alinishinda, na kwamba mpaka leo sijamnunulia soda.