Faida na fedha taslimu: mahali ninapopenda mwanafunzi wa uhasibu aanzie

Wanafunzi wengi wanaoingia kwenye somo la uhasibu huanza kwa kukariri miundo ya taarifa: kipi kinaandikwa juu, kipi chini, wapi panapigwa mstari mmoja na wapi miwili. Miundo hiyo ina umuhimu wake, lakini mtu anaweza kuijua yote na bado akashindwa kueleza kwa nini biashara iliyotangaza faida inakosa fedha za kulipa mishahara. Naona swali hilo ndilo lango la somo zima, la uhasibu na la fedha za biashara kwa pamoja, na njia bora ya kulijibu ni kuchukua biashara moja ndogo na kuifuatilia miamala yake mmoja mmoja mpaka taarifa za mwisho wa mwaka.

Tuchukue biashara ya kufikirika, na tarakimu zake ziwe za fedha yoyote ile. Mwenye biashara anaingiza mtaji wa 10,000 taslimu, kisha anakopa benki 5,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Ananunua mashine kwa 6,000 taslimu, na anakadiria kwamba itatumika miaka mitano kisha haitakuwa na thamani tena. Ananunua bidhaa za 9,000, nazo pia kwa taslimu. Katika mwaka huo anauza theluthi mbili ya bidhaa hizo kwa 10,000, mauzo yote yakiwa ya mkopo, na kufikia siku ya kufunga hesabu wateja wamekwisha kumlipa 4,000 tu. Amelipa riba ya 500 na gharama za uendeshaji za 800. Kodi ya mapato tuiache kando.

Kabla ya taarifa yoyote, kila muamala huandikwa mara mbili. Kununua mashine kunaongeza mali ya aina moja na kupunguza mali ya aina nyingine, ambayo ni fedha taslimu. Kukopa kunaongeza fedha na wakati huohuo kunaongeza deni. Kwa sababu hiyo mlinganyo wa uhasibu hauvunjiki hata siku moja: mali zote za biashara ni sawa na madeni yake pamoja na haki ya mwenye mtaji. Wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakitunza vitabu kwa namna hii kabla mtawa wa Kifransisko, Luca Pacioli, hajaieleza katika kitabu cha hisabati kilichochapwa katika mji huohuo mwaka 1494, na mantiki yake haijabadilika hata katika programu za kompyuta za leo.

Hapa ndipo debiti na krediti, yaani upande wa kushoto na wa kulia wa kila akaunti, zinapowatesa wanafunzi, hasa wale waliozoea kusikia kutoka benki kwamba akaunti yao “imekreditiwa” fedha zinapoingia, kisha darasani wanaambiwa kwamba fedha zikiingia akaunti ya fedha hudebitiwa. Hakuna mgongano wowote. Taarifa ya benki ni nakala ya vitabu vya benki, wala si vitabu vyako. Fedha ulizoweka ni mali kwako, hivyo unazidebiti; kwa benki ni deni ambalo siku yoyote itapaswa kukurudishia, na ongezeko la deni hukreditiwa. Mwanafunzi akielewa kwamba kila daftari lina mwenyewe, na kwamba muamala mmoja huonekana tofauti kutegemea daftari ni la nani, sehemu kubwa ya woga wake huisha.

Sasa tutafute faida. Mauzo ni 10,000 yote, ingawa 6,000 bado ziko mikononi mwa wateja, kwa sababu uhasibu wa malimbikizo hutambua mapato pale bidhaa inapokabidhiwa kwa mteja na si pale fedha inapopokelewa. Kwa upande wa gharama, hatuhesabu bidhaa zote za 9,000. Tunahesabu zile zilizouzwa tu, yaani 6,000, na hivyo faida ghafi ni 4,000. Mashine hatuigeuzi gharama ya mwaka mmoja, bali tunagawanya bei yake kwa miaka mitano na kupata uchakavu wa 1,200 kwa mwaka. Tukitoa uchakavu huo, riba ya 500 na gharama za uendeshaji za 800, faida halisi inabaki 1,500.

Kwenye sanduku la fedha hadithi ni nyingine. Ziliingia 15,000 za mtaji na mkopo na 4,000 za wateja. Zikatoka 6,000 za mashine, 9,000 za bidhaa, 500 za riba na 800 za uendeshaji. Zilizobaki ni 2,700. Mizania, yaani taarifa ya mali kwa upande mmoja na madeni na mtaji kwa upande wa pili, nayo inatulia vizuri: mashine 4,800 baada ya uchakavu, bidhaa zisizouzwa 3,000, wadaiwa 6,000 na fedha 2,700, jumla 16,500, upande wa pili mkopo 5,000, mtaji 10,000 na faida 1,500, jumla ileile.

Zoezi ambalo nisingependa mwanafunzi yeyote aliruke ni kuunganisha faida na fedha. Anza na faida ya 1,500. Rudisha uchakavu wa 1,200, kwa kuwa uliandikwa kama gharama bila fedha yoyote kutoka mwaka huu. Toa 6,000 zilizolala kwa wadaiwa, toa 3,000 zilizolala ghalani. Unapata hasi 6,300, na hizo ndizo fedha ambazo shughuli za kila siku za biashara hii zimemeza ndani ya mwaka wenye faida. Ongeza hasi 6,000 za uwekezaji kwenye mashine na chanya 15,000 za mtaji na mkopo, na utarudi kwenye 2,700 ileile. Mwenye biashara akitaka kununua bidhaa nyingine za 9,000 kabla wateja hawajalipa, hataweza, hata kama taarifa ya faida inamsifu. Biashara inayokua haraka kwa mauzo ya mkopo huingia kwenye mtego huu mapema zaidi kuliko ile iliyodumaa, kwa sababu kila ongezeko la mauzo linadai bidhaa zaidi na wadaiwa zaidi. Usimamizi wa mtaji wa kuendeshea biashara, somo ambalo wengi huliona dogo, kazi yake kubwa ni kufupisha muda kati ya fedha kutoka na fedha kurudi.

Mfano huohuo unatosha kuonja uchambuzi wa fedha. Faida ya 1,500 kwa mtaji wa 10,000 ni asilimia 15. Kabla ya riba biashara ilipata 2,000 kwa fedha zote za 15,000, yaani zaidi kidogo ya asilimia 13, nazo za benki ziligharimu asilimia 10. Tofauti hiyo ndiyo iliyomnufaisha mwenye mtaji. Faida hiyo ya kabla ya riba ikishuka chini ya asilimia 10 ya fedha zote, mkopo uleule utaanza kumla.

Ukisoma faida kwa jicho hili, utaona kwamba ndani yake mna makadirio: miaka ya mashine, wadaiwa watakaolipa, thamani ya bidhaa ghalani. Makadirio ni ya lazima, lakini ndiyo mlango wa udanganyifu. Kampuni ya simu ya WorldCom ya Marekani ilitangaza mwezi Juni 2002 kwamba gharama za takriban dola bilioni 3.8 zilikuwa zimeandikwa isivyostahili. Sehemu kubwa ilikuwa ada zilizolipwa kwa kampuni nyingine kwa kutumia laini zao, yaani gharama za kawaida za mwaka, ambazo ziliingizwa vitabuni kama mali ya kudumu. Kwa hila hiyo faida ilipanda, na hata fedha za uendeshaji zilionekana nzuri kwa sababu malipo yalihamishiwa kwenye uwekezaji. Jumla ya fedha ndiyo isiyoweza kuhamishwa. Waliofichua ni wakaguzi wa ndani wakiongozwa na Cynthia Cooper, na mwezi uliofuata kampuni iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayajua yote yanayohitajika kuielewa kesi hii: tofauti ya gharama na mali, basi. Ndiyo maana nasisitiza maelezo yaliyo nyuma ya taarifa yasomwe kwa makini, pamoja na maoni ya mkaguzi wa nje, huku tukikumbuka kwamba hati safi, yaani maoni ya mkaguzi yasiyo na dosari, hutoa uhakika wa kuridhisha kuhusu taarifa zilivyoandaliwa na haisemi kwamba biashara inaendeshwa vizuri.

Kuhusu viwango, wanaosoma sasa wanapaswa kujiandaa kwa badiliko moja kubwa. Bodi ya kimataifa inayotunga IFRS, yaani viwango vya kimataifa vya kuandaa taarifa za fedha, ilitoa kiwango cha IFRS 18 mwezi Aprili 2024, nacho kitachukua nafasi ya IAS 1, kiwango cha zamani cha uwasilishaji wa taarifa hizo, kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza tarehe 1 Januari 2027 au baada yake. Taarifa ya faida na hasara itatenganisha shughuli za uendeshaji, uwekezaji na ugharamiaji (kupata fedha za mtaji na mikopo), na jumla ndogo ya faida ya uendeshaji itakuwa ya lazima. Kwa kampuni ambayo si ya kifedha, riba inayolipwa itawekwa kwenye ugharamiaji katika taarifa ya mtiririko wa fedha, ambapo leo kampuni zinaruhusiwa kuchagua. Katika mfano wetu, hesabu ya kuunganisha itaanza na faida ya uendeshaji ya 2,000 badala ya 1,500, na fedha za uendeshaji zitakuwa hasi 5,800 badala ya hasi 6,300. Riba ya 500 itahamia kwenye ugharamiaji, ambao utashuka kutoka 15,000 hadi 14,500, na fedha zilizobaki sandukuni zitakuwa 2,700.