Nilivyoshusha ada ya darasa la uchapaji Kariobangi

Nilipoanza kufundisha uchapaji wa kuchonga, yaani kuchonga picha kwenye ubao, kuupaka wino na kuihamishia kwenye karatasi, hapa Kariobangi, Nairobi, wazazi waliuliza ada kabla ya kuuliza watoto watajifunza nini. Walikuwa na haki. Mtu anayehesabu nauli na unga hawezi kulipia sanaa kwa bei ya watu wa mitaa ya uwezo.

Nikapiga hesabu ya kila kinachoingia darasani. Kilichokula pesa ni vifaa: lino (bamba laini la kuchongea picha), wino wa wasanii, visu vya kuchongea, vingi vikitoka nje ya nchi. Nikaanzia hapo.

Badala ya lino tunachonga mabaki ya plaiwudi kutoka kwa maseremala wa Gikomba. Kwa wadogo plaiwudi ni ngumu, kwa hiyo wao hukata maumbo ya kadibodi, huyabandika kwa gundi na kuyapaka vanishi ili yasinywe wino. Visu tunavitengeneza kwa vyuma vya miavuli iliyovunjika. Vile vyuma vyembamba vina mfereji katikati. Ukikata kimoja, ukakinoa kwenye jiwe na kukitia mpini wa mti, kinachonga mstari safi kabisa. Wino tunaununua kwa bei ya chini kwa wachapaji wa River Road, ule unaobaki chini ya kopo. Ukiwa mwepesi, tunauchanganya na poda kidogo ukaze. Karatasi ni vile vipande wanavyopunguza kingoni wachapaji hao hao.

Mashine hatuna, wala hatuihitaji. Unalaza karatasi juu ya ubao uliopakwa wino, unaisugua kwa mgongo wa kijiko, miduara midogo kutoka katikati kwenda kingoni, mkono wa pili umeishika isitembee. Kisha unainua pembe moja na kuchungulia. Palipofifia unarudisha, unasugua tena. Kuosha ni mafuta ya kupikia, matambara, halafu sabuni. Mafuta ya taa tumeyakataa kwa sababu ya harufu.

Ada ikashuka hadi shilingi 100 kwa kipindi, na bado kuna wasioiweza. Kwangu hili ndilo lililotaka busara kuliko vifaa vyote, kwani sikutaka mtu asimame mbele ya wenzake kueleza shida zake. Sasa kila mmoja hutumbukiza bahasha kwenye kisanduku mlangoni, iwe na mia mbili, na ishirini, au tupu. Mama mmoja muuza mboga alinivuta kando: "Mwalimu, wiki hii biashara imelala." Nikamjibu, "Mama, bahasha haina jina. Mlete mtoto."

Upungufu hufidiwa na chapa zenyewe. Ubao mmoja hutoa nakala nyingi, basi kila mwanafunzi huliachia darasa moja. Ikiuzwa, nusu ni ya aliyechonga, nusu hulipia ukumbi.

Ukitaka kuanzisha darasa mtaani kwako, nunua kopo moja la wino mweusi, tafuta kadibodi na kijiko. Rangi nyingine zinaweza kungoja.