Kurwa, Doto na waya uliobaki ofisini

Juzi binti yangu alikuwa anatafuta betri za rimoti kwenye droo ya chini, ile ambayo mama yake anaiita makaburi ya nyaya. Akaibuka na kitu cheupe kifupi: upande mmoja tundu pana la VGA, upande wa pili kijimdomo chembamba ambacho hajawahi kukiona kwenye kompyuta yoyote.

"Baba, hii chaja ya nini?"

Nikamwambia si chaja. Nilitaka niishie hapo, lakini alishika kiuno akisubiri, na mnanijua, nikiulizwa habari za Mac sina breki. Ni adapta ya Mini-DVI kwenda VGA, yaani kiungo cha kuunganisha Mac na waya wa projekta. Apple waliweka tundu la Mini-DVI kwenye MacBook za plastiki za 2006, halafu baada ya miaka michache wakahamia Mini DisplayPort, kisha Thunderbolt, kisha USB-C. Kila kuhama kumeniachia adapta yake humo kwenye droo. MacBook Air ya M1 ninayoitumia sasa ina matundu mawili tu ya USB-C, na hakuna hata moja linaloweza kupokea hicho kijimdomo. Mama yake ameshaniambia mara nyingi nivitupe. Vingine nimevigawa. Hiki hapana.

Kilinikosesha usingizi Oktoba 2011, Jumamosi ya tarehe 8, kwenye sendofu ya binamu yangu, mtoto wa Shangazi Doto.

Wiki yenyewe ilikuwa mbaya tangu Alhamisi. Asubuhi ile nilifungua tovuti ya Apple nikakuta picha moja tu ya mmoja wa waanzilishi wao, nyeusi na nyeupe, na miaka: 1955–2011. Baba mdogo alinikuta nimekaa barazani, chai imepoa, akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia Steve Jobs amefariki. Akatafakari kidogo. "Ni wa upande wa mama yako?"

Siwezi kumlaumu. Miaka ile nilikuwa mhubiri. Nilikuwa na MacBook nyeupe iliyoanza kuwa ya manjano pale viganja vinapokaa, ndani yake mfumo wa Snow Leopard, na kila aliyekaa karibu nami zaidi ya dakika kumi alihubiriwa. Nilimwonyesha mtu programu ya Quicksilver, jinsi unavyobonyeza vitufe viwili, unaandika herufi mbili tatu na programu inafunguka bila kugusa kipanya. Nilimwonyesha bata wa kijani wa Adium, programu ya kuchati, anavyopiga mabawa ujumbe ukiingia. Hesabu za duka la mama nilikuwa naziandika kwenye TextWrangler, programu ya kuandikia maandishi matupu, kazi ambayo daftari la shilingi mia tano lingeifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo siku kamati ya sendofu ilipoanza kuzungumzia kumlipa mtu wa slaidi, nilinyoosha mkono kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi. Bure kabisa. Mungu anisamehe.

Nilitumia iPhoto '09, programu ya picha ya Apple, kwa sababu ilikuwa na kile kitu cha nyuso. Unaiambia huyu ni fulani, nayo inapekua picha zako zote kukutafutia wengine wanaofanana naye, kisha inakuuliza kama ni yeye. Nilichukua albamu za Shangazi, nikaziingiza picha kwenye skana ya ofisini usiku baada ya saa za kazi, zikafika mia moja na arobaini na kitu. Ikaanza kunifurahisha. Iliniuliza kama keki ya kipaimara ni baba mdogo. Iliniuliza kama mimi ni babu.

Katikati ya hizo kulikuwa na picha moja ya studio, ya Tabora, msichana wa miaka kumi na saba hivi, nywele zimechanwa juu, nyuma yake pazia lililochorwa maziwa na milima ambayo Tabora haina. Nyuma ya picha hakukuwa na maandishi. iPhoto ikauliza kama ni Shangazi Doto. Nikatazama. Alikuwa yeye mtupu: paji la uso, na ule mdomo unaoanza kucheka upande mmoja. Nikabofya kukubali. Kwenye karatasi ya MC nikaandika: picha ya 31, mama wa bibi harusi akiwa msichana.

Ijumaa nikajaribu kila kitu ofisini kwenye projekta. Kazi safi. Picha zinasogea taratibu kuelekea usoni, muziki unaingia pale pale. Nikafunga kompyuta, nikaenda kuchukua suti kwa fundi.

Mshaelewa.

Ukumbini Sinza, ndafu imeshakatwa, MC akatangaza kwamba sasa mtaalamu wetu wa kompyuta atatuonyesha safari ya bibi harusi tangu utotoni. DJ akashusha muziki. Watu karibu mia tatu wakageuza viti. Nikashika waya wa projekta kwa mkono wa kushoto, wa kulia nikautia kwenye mfuko wa begi, nikapapasa. Nikapapasa tena. Nikatoa chaja, nikatoa flashi, nikatoa ile rimoti ndogo nyeupe ambayo ndiyo ilikuwa fahari yangu, nikavipanga mezani kama mmachinga. Ndipo nikaiona adapta yangu kwa macho ya moyo, inaning'inia kwenye waya wa projekta ya ofisi, mlango umefungwa, funguo anazo bosi, na bosi yuko Morogoro.

DJ alikuwa kijana mwema. Akasema niitoe kama video niweke kwenye flashi, acheze kwa laptopu yake. Nikaanza kuitoa. Ule mstari wa bluu ukatambaa kama kobe aliyeshiba. MC akajaza muda kwa vichekesho viwili, cha tatu akashindwa, akasema teknolojia imegoma lakini mapenzi hayagomi, makofi kwa bibi harusi, tuendelee na zawadi. Baba mdogo akapita na sahani yake ya pilau, akainama sikioni mwangu: "Marehemu angekuwa hai angekufukuza kazi."

Nikasogea nyuma, nikakaa kwenye kreti la soda. Ndipo akaja mtoto kunivuta shati: naitwa na Bibi.

Bibi alikuwa amekaa pembeni, karibu na mlango, alikotaka mwenyewe kwa ajili ya upepo. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza, "Mume wangu, hizo picha zimo humo ndani?" Nikamwambia zimo. "Basi nipakatishe."

Alikunja kitenge mara nne akakitandaza mapajani, maana nilimwonya ile mashine inachemka chini. Nikaiweka. Zaidi ya kilo mbili, na yeye alikuwa mwepesi kama kuku wa kienyeji, lakini akaishika pande zote mbili kama anavyoshika ungo. Nikaanzisha slaidi. Sauti niliiua, maana DJ alikuwa amesharudi kazini na spika zilikuwa zinatikisa glasi.

Sijawahi kuona mtu akitazama skrini hivyo. Sisi tunatazama kwa kurukaruka. Yeye aliikabili kila picha kama mtu anayepokea mgeni. Ikija, anaguna. Ikiondoka, anaisindikiza kwa macho. Aliwataja watu mmoja mmoja, na mahali, na ng'ombe mmoja aliyepita nyuma ya picha ya ubatizo alimtaja pia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti ubavuni mwake, suti ya kukodi kwenye sakafu, nikiona picha zangu mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Ikaja ya 31. Yule msichana wa studio, na ule mwendo wa iPhoto wa kumsogelea pole pole, pole pole, mpaka uso ukajaa skrini.

"Isimamishe."

Nikabonyeza kile kitufe kirefu cha chini. Akatulia muda ambao DJ alimaliza wimbo mmoja na kuingia wa pili. Kisha akanyoosha kidole, akamgusa msichana shavuni, na skrini ikafanya yale mawimbi ya rangi inayofanya ukiibonyeza. Akakirudisha kidole haraka kama aliyemuumiza.

"Huyu umemwandika nani?"

"Shangazi Doto, Bibi."

"Doto ana kovu la moto hapa." Akajigusa chini ya sikio la kushoto. "Huyu ana kovu?"

Nikatazama. Hakuwa nalo.

"Huyu ni Kurwa."

Hapa ndipo aibu yangu ilipo, na naomba msinicheke sana. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Tangu nijue kusema nilikuwa namwita Shangazi Doto, na mtoto yeyote wa nchi hii anajua Doto ni pacha wa pili, kwamba kabla ya Doto lazima atangulie Kurwa. Sijawahi hata siku moja kuuliza Kurwa yuko wapi. Jina lilikuwa limekaa pale mlangoni miaka yote, nami nalipita kama mtu anayepita ndoo.

Sikuuliza hata pale. Bibi mwenyewe ndiye aliyeongeza, na alisema machache: homa, siku tatu, mvua za masika, treni haikupita. Halafu akainua macho kuelekea meza kuu, ambako Shangazi alikuwa anacheza na wakwe huku kilemba kinamwanguka. "Funga kabla Doto hajaja."

Sikuwahi kufika kwenye kifuniko, alikifunga mwenyewe, kwa mikono miwili. Mnaokumbuka mashine zile mnajua kilichofuata. Pale mbele kulikuwa na kitaa kidogo cheupe, na kompyuta ikilala kile kitaa kinawaka na kufifia, kinawaka na kufifia, kwa mwendo wa mtu aliyelala. Wenyewe Apple walikitengeneza makusudi kiige pumzi. Nimewahi kuwaelezea watu jambo hilo kwa mbwembwe nyingi. Bibi hakuelezwa na mtu. Alikitazama.

"Inapumua," akasema.

Akaendelea kuipakata mpaka sherehe ikaisha.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Jumatatu nikaikuta adapta ofisini, inaning'inia kama nilivyoiona. Nikamchapishia Bibi picha ile Kariakoo, kwa ukubwa wa kuweka ukutani, akaiweka chini ya godoro. Kwenye iPhoto nikafuta jina la Doto, nikaandika Kurwa. Kwa miaka kadhaa nikawa na hadithi yangu nzuri ya kusimulia kwenye mazungumzo: jinsi uzembe ulivyotuokoa, jinsi ile picha ingeonekana ukutani mbele ya watu mia tatu na MC akamtaja marehemu kwa jina la mdogo wake, huku mdogo wake anasikia. Nilikuwa naisimulia vizuri. Nilishaanza kuamini kwamba niliiacha adapta kwa kuongozwa.

Bibi akafariki 2014. Mwaka uliofuata Apple wakaleta programu ya Photos mahali pa iPhoto, na maktaba yangu ikahama. Siku moja 2016 Shangazi alikuja kwetu, nikaona sasa naweza. Nikamwonyesha ile picha, taratibu, nikiwa nimeandaa na maneno ya pole.

Akavaa miwani. Akacheka.

"He! Hii umeipata wapi? Si mimi huyu."

Nikamwambia Bibi alisema ni Kurwa, kwa sababu hakuna kovu. Shangazi akagusa chini ya sikio, pale pale.

"Hili nililipata msibani kwake. Nilikuwa naepua sufuria la uji. Hii picha ni ya kabla. Gauni hili lilikuwa langu."

Kisha akaishika kompyuta kwa pande zote mbili, akaisogeza karibu na uso. Cheko likapungua.

"Ingawa," akasema, "tulikuwa tunaazimana."

Hakusema tena. Akaomba maji ya kunywa.

Kwa hiyo sijui. Mama aliyewazaa alisema mmoja, mwenye uso wake alisema mwingine, na programu ilikuwa imesema kama huyu wa pili tangu mwanzo, ingawa ni programu ileile iliyosema keki ni baba mdogo. Nikafuta na jina la Kurwa. Sasa kila nikiingia kwenye Photos, pale kwenye watu, kuna duara lenye uso wa msichana asiye na jina, na mara moja moja mashine inaniletea swali lake kama huyu na Shangazi Doto ni mtu mmoja au wawili. Kuna vitufe viwili vya kujibu. Huwa naifunga.

Binti yangu alisikiliza yote haya akiwa ameizungusha ile adapta kidoleni. Nilipomwonyesha picha aliitazama sana, halafu akanitazama mimi.

"Sasa si ungemwuliza babu?"

Babu yake, yaani baba yangu, kaka yao wote wawili, yuko Tabora, ana simu, na Jumapili huwa tunaongea mpaka salio linakata. Nikamwambia airudishe ile adapta kwenye droo, na betri za rimoti ziko jikoni.