Sauti ya Babu ilivyorudi sebuleni Machame

Mwaka jana nilipoomba ushauri wa muziki wa Krismasi nyumbani, kila mtu alinijibu hivyo hivyo: nunua spika ya bluetooth, nyimbo zote ziko YouTube. Wimbo niliokuwa nautaka haupo huko. Ulikuwa kwenye kaseti ya dakika 60, Babu akiongoza kwaya ya usharika, na Bibi ameitunza ndani ya kopo la maziwa tangu tulipomzika mzee.

Fundi wa kwanza, huku Dar, aliitumbukiza kwenye mashine bila hata kuifuta vumbi. Ikatafunwa. Akanirudishia utepe ukining'inia, akasema imekufa, na elfu kumi yangu akachukua. Nililala na hasira, lakini kaseti sikuitupa.

Tulifika Machame tarehe 23. Usiku ule nikakaa na taa mezani. Ganda la kaseti ile limegundishwa, halina skrubu, kwa hiyo nilipitisha kisu taratibu kwenye mshono mpaka likaachia. Jirani alinipa kaseti ya zamani ya mahubiri, ya skrubu tano. Nikatoa vya ndani, nikabakiza vigurudumu vya pembeni na kile kisponji kidogo kinachousukuma utepe, kisha nikauhamishia humo utepe wa Babu. Kisponji cha kaseti ya Babu kilikuwa kimeshabanduka, na bila hicho sauti inafifia. Palipotafunwa nikakata kama urefu wa kidole, nikaunga kwa selotepu upande wa nyuma, usiogusa kichwa cha redio ya kaseti, kile kinachosoma utepe. Ukibandika upande wa mbele umeharibu utepe na redio. Kisha nikasafisha redio kwa pamba na spiriti, nikazungusha kaseti nzima kwa penseli, mbele na nyuma, ili utepe ulioshikana uachie. Saa nane usiku nilikuwa bado naizungusha, na sikuijaribu. Selotepu haidumu, kwa hiyo nilitaka kaseti ipigwe mara moja tu, simu ikiwa pembeni inarekodi.

Krismasi yenyewe ilienda kama siku zote: ibada, ndafu, mbege, wageni wasioisha. Zawadi za watoto zilikuwa vitabu vya hadithi, vya mitumba, nilivyookota kwenye meza za Posta kwa elfu mbili tatu kila kimoja na kuvifunga kwa magazeti. Sharti lilikuwa moja: ukishafungua, unamsomea Bibi kurasa mbili, maana macho yake hayaoni herufi tena. Wa darasa la pili alisoma kwa kudonoa neno moja moja, na Bibi akamngoja kila neno. Mkubwa, aliyekuwa amenuna kwa kukosa simu, alipitiliza mpaka ukurasa wa kumi na moja, hakuna aliyemhesabia.

Ndipo nikabonyeza redio. Mkwaruzo kwanza, halafu kinanda, halafu Babu akitoa sauti kwa kwaya. Baba yangu alisimama, akavua kofia. Bibi akaingia na sauti ya pili, ile aliyoimba siku wanarekodiwa, kichwa kimeinama. Ulipofika pale nilipokata, redio iliruka. Bibi hakuruka. Aliimba lile neno lililopotea, peke yake, na kwaya ikamkuta mbele.

Ndivyo wimbo ulivyo kwenye simu yangu sasa, na neno lake ndani.