Meno ya bandia yaliyochemkia ndani

Kipindi nasubiri matokeo ya form six nilikuwa kwa mjomba Kirumba, Mwanza, yeye kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. Kachumba kadogo, ukiingia tu ile harufu ya likwidi ya akriliki inakupiga puani. Mimi nilipewa kuchanganya: unga vipimo vitatu, likwidi kimoja, unafunika unasubiri. Mwanzo unakuwa kama mchanga uliolowa, baadae unanata na kuvuta nyuzi, alafu unafika mahali haugandi tena kidoleni na hapo ndo unashindilia kwenye flaski, ile kalibu ya chuma yenye plasta ndani, fasta kabla haujawa mpira.

Sasa kuna mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni, Jumamosi anaozesha binti, kwahiyo kila asubuhi lazima apitie. "Mwangaluka baba, meno yangu?" Mjomba anamjibu Ijumaa mama, Ijumaa. Alhamisi mjomba akaitwa msibani Magu, akamwachia msaidizi wake maagizo kwamba maji yakae nyuzi 74 usiku kucha, asubuhi ndo yachemke saa moja. Jamaa akaona usiku kucha wa nini, akatumbukiza flaski kwenye maji yanayotokota, huyoo akaenda kucheki mpira.

Asubuhi tunafungua, kule mbele fizi ilipo nyembamba inang'aa safi kabisa, ila nyuma penye unene ni viputo vitupu, ukikwangua kwa kisu na ndani vimo. Jamaa akasema likwidi imechakachuliwa. Mjomba karudi mchana, kageuza taya mara moja akasema, "Umechemsha wewe."

Binti wa mjomba alikuwepo likizo, anasoma kemia chuo, na yeye ndo alitufumbua macho. Alianza na swali: ziwa letu Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji huku yanachemka kwenye 96 hivi, hayafiki 100. Likwidi yenyewe, methili methakrileti, pwani inachemka kwenye 101, huku na yenyewe inashuka, inalingana na maji tu. Sasa maji yamezunguka nje ya plasta nene, joto la kuchemsha likwidi huko katikati limetoka wapi?

Limetoka humo humo ndani. Kwenye unga kuna peroksaidi, ikipata moto inavunjika inatoa radikali, yaani kipande chenye elektroni moja isiyo na mwenzake kinachotafuta wa kumdaka, radikali inadaka molekuli ya likwidi, inadaka nyingine, mnyororo unarefuka na kila kiungo kinachoongezeka kinatoa joto lake. Kinachousimamisha ni kukutana na radikali mwenzake, ziungane au moja imnyang'anye mwenzake hidrojeni, basi, zote mbili zimekufa. Na kukutana, dada akasema, kunategemea urefu. Mwaloni asubuhi watu wawili kila mmoja anaburuza wavu mrefu kwenye ule umati, hao watakutana saa ngapi? Lakini katoto kasiko na mzigo kanapenya kanamfikia yeyote. Ndo maana vifo vingi ni vya mfupi kumfuata mrefu, mrefu kwa mrefu ni bahati.

Akatuandikia namba nyuma ya boksi la plasta. Kwenye likwidi nyepesi, radikali changa kabisa zinauana kwa kasi ya kama bilioni moja (lita kwa moli kwa sekunde), zikifika viungo 100 ni makumi ya milioni. Kupita hapo inashuka taratibu sana, maana kazi kubwa sasa ni ile ncha kujichomoa kwenye msokoto wake yenyewe. Na hiyo ni kwenye kitu chepesi! Donge letu limeshajaa minyororo toka mwanzo, maana unga wenyewe ni akriliki iliyokwisha kuungana, mirefu haisogei, huku likwidi ambayo ni vimolekuli vidogo inaendelea kupenya na kuilisha. Vifo vikiwa vigumu mara 100 zaidi, mmenyuko unakimbia mara 10. Mwanakemia Norrish aliliona hili Uingereza 1942, mwenzake Trommsdorff Ujerumani 1948, na majina yao yamebaki nalo mpaka leo. Penye wembamba joto linapata pa kutokea, penye unene linajikusanya, likwidi iliyobaki inachemka hapo hapo.

Mjomba miaka yote alikuwa anafuata 74 kwa sababu alifundishwa hivo, akaguna. "Sasa kama moto ni mbaya, ile saa moja ya mwisho ya nini?" Nikaona hapo kamkamata. Wala! Dada akasema mwishoni donge linakuwa gumu kama kioo, hata likwidi yenyewe inashindwa kutembea, inabaki imenasa na itakuja kumchoma mama fizi, ukichemsha linalegea kidogo na masalia yanashikwa, na hayo ni machache hayana joto la kuharibu kitu.

Jamaa muda wote yuko pembeni anakoroga plasta, kimya.

Ijumaa usiku seti mpya ililala kwenye maji juu ya jiko la mkaa, tunapokezana kuangalia kipimajoto, mkaa ukizidi unapunguza. Jumamosi mchana mama akaja, akavaa, akatafuna karanga mbele yetu, akasema yanambana kushoto ila atarudi baada ya harusi, na hela iliyobaki nayo baada ya harusi.