Michoro sita ya Samuel Palmer

Jamani, leo nimeiona kwa macho yangu michoro ya Samuel Palmer, mchoraji Mwingereza wa karne ya 19, pale makumbusho ya Ashmolean, Oxford, na bado moyo unanidunda. Ni sita, yote ya mwaka 1825, yote ya kahawia. Aliichora akiwa kijana wa miaka 20! Alichanganya wino na gundi ya mgunga, akapaka vanishi juu, ndiyo maana giza lake lina kina na mng'ao ambao picha ya simu haiwezi kuuonyesha. Katika mmoja, alfajiri, kuna sungura njiani na mti mnene uliovimba kama uyoga. Nimeutazama huo kuliko yote.

Enzi hizo akademia za sanaa ziliziweka picha za mandhari chini kabisa ya picha za historia. Wachoraji wa Kiromantiki kama yeye, waliotanguliza hisia na maumbile, wakavipa kilima na mwezi uzito wa sala.

Inaniuma kwamba mwaka 1909 mwanawe alichoma sehemu kubwa ya kazi za baba yake. Sifa za Palmer zilifufuka baada ya maonyesho ya London mwaka 1926.

Mlio Uingereza, ombeni miadi ya chumba cha michoro, mkaione.