Sindano ya Shingoni

Aliyekiona kivimbe ni dada yangu, wakati ananifunga mkufu. "Hebu meza mate," akasema, na kitu kikapanda na kushuka na koo. Altrasaundi ikaonyesha kinundu cha sentimita 1.5 upande wa kulia wa tezi ya thairoidi. Nikapangiwa sindano ya kuchukua seli zikapimwe.

Nililazwa chali, mto chini ya mabega, kichwa kikalegea nyuma na shingo yote ikawa wazi. Nikapakwa jeli ya baridi. "Usimeze mate, mama, wala usiongee," daktari akasema, na papo hapo mate yakanijaa mdomoni. (Sijui nani aliwahi kukatazwa kumeza akaweza.) Sindano yenyewe ilikuwa nyembamba kuliko ya kutolea damu, na maumivu hayakuwa makubwa. Kilichonitia kinyaa ni kuhisi inavyochezeshwa mbele na nyuma ndani ya kinundu ili ikusanye seli, huku daktari mwenyewe amekaza macho kwenye skrini. Alipoitoa, akadondosha tone kwenye kipande cha kioo, akalisambaza kwa kioo kingine kwa mkupuo mmoja.

Nilijiandaa kusikia saratani au si saratani. Haikuwa saratani, ila seli zilizojaa pale zilikuwa limfosaiti, chembe nyeupe za damu zilizoivamia tezi. Vipimo vya damu vikakubaliana: TSH, homoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi, imepanda, na kingamwili zinazoshambulia TPO, kimeng'enya cha kutengenezea homoni za tezi, ziko juu sana. Ulikuwa ugonjwa wa Hashimoto, ambao kinga ya mwili huishambulia tezi yake yenyewe hadi homoni zikapungua, uliopewa jina la daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912.

"Kwa hiyo hiki si kinundu?"

"Ni sehemu ya tezi iliyovimba kuliko nyingine, mama. Kwenye picha vinafanana. Na mwenye Hashimoto anaweza kuwa na kinundu cha kweli pia, ndiyo maana hatukuishia kwenye damu."

Uchovu, ngozi kukauka, kusikia baridi wenzangu wakijipepea: yote hayo nilikuwa nikiambiwa ni umri. Jibu jepesi sana kumpa mwanamke.

Akaniandikia levothairoksini, homoni ya tezi kwa kidonge, nimeze asubuhi kwa maji matupu kabla ya kula chochote, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu nivitenge nayo kwa saa 4. Nikauliza kama itakiyeyusha kivimbe. Akasema hakuiandika kwa ajili hiyo. Dawa ni ya kuziba pengo la homoni, na kivimbe tutakitazama tena kwa altrasaundi baada ya mwaka.